Bundi Juu ya Paa la Vho-Masindi

Ha-Mulondo,
3 Juni 2001

Kwako shangazi yangu Vho-Nyadzani,

Aa, shangazi. Nimepiga magoti hapa nilipo kama ulivyonilea, ingawa hunioni. Habari za huko Tshitandani? Ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umepoa, au bado unalala nao juu ya mto? Mimi ni mzima wa mwili, nakula na kulala. Mama anakusalimu kutoka Polokwane kazini kwake.

Nina habari. Nimepata kazi kwenye ile nyumba ya wageni iliyo juu ya bonde, wanakofikia watu waliotoka mbali kuja kutazama ndege mitini. Usicheke. Najifunza niwe wa kuwaongoza. Mwalimu wangu ni Vho-Thinawanga, mtu mpole ila mdomo wake una pilipili. Siku ya kwanza nilimwita kwa furaha nikamwonyesha tai. Akaweka darubini machoni, akatazama sana, kisha akasema, "Rofhiwa, hilo ni fundo la mti. Lakini ni fundo zuri, tulipe heshima yake." Kesho yake nikaona bundi, kumbe jani kavu. Siku ya tatu nikaona jani kavu nikalipuuza, likaruka likaenda zake.

Anasema kosa letu sisi wanaoanza ni kutafuta ndege. Usitafute ndege, tafuta kinachotikisika. Na ukishamwona usiinamishe uso kuitafuta darubini kifuani. Macho yabaki palepale, darubini ndiyo ipande iyafuate. Shingo inauma, shangazi, lakini nimeshawajua shore, mlamba, chozi na hondohondo.

Jambo jingine, ndugu zake Hulisani, kijana wangu, wanataka kuja kuniposa. Nimewaambia hakuna posa bila makhadzi, na makhadzi wa nyumba hii ni wewe, shangazi mkubwa wa ukoo. Wakasema basi arudi.

Na sasa la kukuudhi, maana ukilisikia kwa mwingine utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Jirani yako Vho-Masindi anachuma maparachichi yako na kuyapanga barabarani ndani ya ndoo yako. Jumapili alikuja kanisani amejifunga munwenda wako, ile nguo yenye mistari ya njano na buluu uliyoshona mwenyewe. Nilimwangalia mpaka wimbo ukanipotea.

Mimi mtoto wako,
Rofhiwa


Tshitandani,
19 Juni 2001

Kwako Rofhiwa, binti wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenikuta nikiwa hai, mguu hivihivi. Huku kijiji cha waliofukuzwa hakuna jipya. Sote humu tuliambiwa ni wachawi, kwa hiyo hatuogopani, tunagombania maji tu. Nafurahi umepata kazi. Kutazama ndege si kazi ya ajabu. Sisi tuliwatazama tangu utotoni, ila hakuna aliyetulipa.

Ule munwenda nimeuota. Niliota anaufua kwenye matope.

Wewe ulikuwa shule siku ile, acha nikuambie mwenyewe. Mjukuu wa Masindi alishikwa na homa, nami nilikaa naye kama ningekaa na wako. Nilimkanda kwa maji, nikampaka dawa. Alipokata roho kulikuwa kumepambazuka, na tukatoka nje kulia. Ndipo tukamwona bundi mdogo kwenye mti wangu wa marula, jua limeshapanda, na ndege wadogo wamemzunguka wakipiga makelele. Masindi akanyoosha kidole. "Yule ametumwa," akasema, "na aliyemtuma ndiye huyu." Mikono yangu bado ilikuwa inanuka dawa ya mjukuu wake. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshaokota mawe.

Mimi na Masindi tulichezwa unyago pamoja, Rofhiwa. Alinijua. Wengine nimewasahau, wao walikuwa wanafuata kelele. Yeye simsahau.

Hebu muulize huyo mwalimu wako. Bundi hutoka mchana? Na kwa nini wale ndege walimpigia kelele?

Shangazi yako


Ha-Mulondo,
8 Julai 2001

Kwako shangazi mpendwa,

Aa. Natumaini baridi imekuachia nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, isipokuwa kope zimevimba kwa kukodolea mitini.

Nimeuliza. Vho-Thinawanga alicheka, kisha nilipomwambia sababu ya swali langu akaacha kucheka. Anasema yule bundi mdogo ni wa mchana kama sisi. Huwinda jua likiwaka. Anakula vifaranga na ndege wadogo, kwa hiyo wakimwona wanaitana wote, kila aina, waliogombana jana na wasiojuana, wanamzunguka na kumtukana mpaka ahame. Ni desturi yao ya kila siku. Siku ile alikuwa kwenye mti wako kwa shughuli zake za tumbo, shangazi. Hakutumwa na mtu.

Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Umefukuzwa kwenu kwa sababu ndege alikuwa na njaa.

Kisha akanionyesha jambo. Wageni wanapolalamika kwamba mti hauna kitu, yeye huweka midomo hivi na kupiga mluzi wa yule bundi: huanza chini, unapanda taratibu, unapanda, halafu unashuka kwa filimbi ndefu. Shangazi, mti uliokuwa mtupu ukajaa. Shore, chozi, kwera, mlamba, walishuka karibu kunigusa, wakimtafuta adui wao wamtukane. Na akiwepo bundi wa kweli karibu, naye huja, maana ana wivu, akisikia mwenzake katika eneo lake anakuja kumtoa. Vho-Thinawanga alinionya nisipige sana, ndege huacha mayai yakapoa kwa ajili ya ugomvi wa uongo.

Mimi nimeujua ule mluzi kuliko ninavyowajua ndege wenyewe. Majina bado nayachanganya, lakini mluzi nimeupata. Mwalimu amesema nina midomo ya bundi.

Shangazi, nyuma ya nyumba ya Vho-Masindi kuna matete ya kijito. Mtu akikaa mle haonekani. Na juu ya paa lake umeinama mti mkubwa.

Sisemi kitu. Nakuambia tu palivyo.

Mtoto wako,
Rofhiwa


Tshitandani,
22 Julai 2001

Kwako Rofhiwa,

Salamu. Afya nzuri. Barua yako niliisoma mpaka nikasahau sufuria, ugali ukashika chini, na wenzangu wakanisema.

Husemi kitu, lakini mimi nasema. Mimi ni makhadzi, na neno langu ndani ya ukoo halivukwi. Neno lenyewe ni hili: piga.

Piga asubuhi, wanawake wanapokwenda kuchota maji, ili wamwone wenyewe na asihitajike wa kuwasimulia. Usipige siku moja tu. Siku moja ni bahati mbaya, zikizidi ni ushahidi. Ukikaribia kuonekana, una darubini shingoni na kazi yako inajulikana. Nani atakuuliza?

Sitaki afe. Ukiona wanakwenda kumuua, toka uzuie. Nataka anyooshewe kidole, na akigeuka kutafuta rafiki asimwone. Nataka avue munwenda wangu mbele za watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na yeye hajawahi kuuonja.

Akishaondoka, nenda kwa jumbe. Mwambie aliyemsingizia shangazi yangu ndiye mwenye bundi, basi shangazi arudi. Nitarudi niwapokee ndugu zake Hulisani kwenye kiti changu. Kula vizuri, usiende kwenye matete bila viatu.

Shangazi yako


Ha-Mulondo,
16 Septemba 2001

Kwako shangazi,

Aa, aa, aa. Leo nimekusalimu mara tatu kwa kuwa moyo umejaa. U mzima? Mimi ni mzima kupita kiasi.

Nimepiga. Asubuhi ya kwanza walikuja shore na chozi tu, wanawake wakapita na ndoo zao bila kutazama juu. Ya pili, shangazi, alikuja mwenyewe. Alitua juu ya paa la Vho-Masindi, pale kileleni, mdogo kama ngumi, akageuza kichwa akatafuta ni nani aliyemwita. Na ndege wa bonde zima wakamwangukia. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Gogota aliacha mti akaja kutukana. Wanawake wakatua ndoo.

Vho-Masindi alitoka na ufagio. "Toka," akasema, "toka hapa, nani amekutuma?"

Mke wa Nthambeleni akamjibu kutoka barabarani, "Tutajuaje sisi? Si wewe mwenye kujua wanakotoka?"

"Ni ndege tu huyu."

"Ni ndege tu leo," yule mama akasema. "Mwaka ule alipokuwa kwa jirani yako hakuwa ndege."

Shangazi, niliuma mkono wangu ndani ya matete nisicheke.

Nikarudi tena na tena. Hata siku ambazo sikwenda alikuwa anakuja, naona ameshalizoea lile paa. Sasa hakuna anayenunua parachichi kwake. Kanisani anabaki peke yake kwenye benchi lake, na munwenda hauvai tena. Wiki iliyopita ndama wa mke wa Nthambeleni alikufa, na watu wakatazama upande mmoja wote bila kuambiana. Jana Vho-Masindi alinisimamisha njiani. Alinishika mkono akasema, "Wewe mwanangu unawajua ndege. Niambie huyu anataka nini kwangu." Nikamwambia, "Mama, mimi bado ni mwanafunzi."

Nilikwenda nyumbani nikaimba nikipika.

Jumbe ameitisha baraza. Nitakuandikia matokeo.

Mtoto wako,
Rofhiwa


Tshitandani,
21 Oktoba 2001

Kwako Rofhiwa,

Salamu. Nimengoja barua ya matokeo haikuja. Natumaini huumwi. Lakini matokeo yenyewe yamefika kwa miguu yake.

Lori la kanisa huleta unga, na mara nyingine huleta watu. Nilikuwa kwenye foleni ya unga nilipomwona anashushwa. Hana viatu. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa hadi kiwiko. Nywele za upande mmoja zimeungua. Nilimtambua kwa namna anavyosimama, mguu mmoja mbele, alivyosimama tangu unyagoni.

Akaniona. "Nyadzani," akasema, "ni wewe?"

Nikamwambia, "Ni mimi. Karibu kwa wachawi."

Wasimamizi wa kijiji waliposikia tumetoka kijiji kimoja wakasema vizuri, mtafarijiana. Wamemweka nyumbani kwangu. Analala kwenye mkeka ng'ambo ya jiko, naamka namwona. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alikula, akasema chumvi haitoshi, nikacheka kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Anasema walimchomea nyumba akiwa anatoa sanduku la nguo za mjukuu. Kila anaposimulia anafika pale pale, "wote nilikuwa nawajua, Nyadzani, nimewapikia harusi zao," nami namwacha aseme, kisha namwuliza tena tangu mwanzo. Utamu wake siwezi kukueleza, mwanangu. Nililala usingizi ambao sikuupata tangu nije huku.

Hajui kitu kuhusu mluzi. Nami sisemi.

Sasa njia ni nyeupe. Nenda kwa jumbe kama tulivyopanga. Mwambie nimefungasha.

Shangazi yako


Ha-Mulondo,
11 Novemba 2001

Kwako shangazi,

Aa. Habari za afya. Nisamehe kunyamaza. Sikuumwa mwili. Nilishindwa kuandika.

Uliniambia nizuie wakitaka kumuua. Siku ya baraza nilikuwa kazini na wageni wa asubuhi. Tulipoona moshi bondeni mgeni mmoja aliuliza kama ni miwa inachomwa. Nilikimbia. Nilimkuta ndani ya kijito, mkono kwenye maji, na watu wamesimama ukingoni kila mtu na jiwe lake. Nilijitupa mbele yake nikasema mwacheni aende, mmeshamchomea. Walimwacha kwa heshima ya marehemu baba yangu. Alinishukuru, shangazi. Alinibusu mikono.

Nilikwenda kwa jumbe kama ulivyosema. Nilimweleza yote uliyonituma. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Binti, wewe ni msomi lakini hujafikiri. Masindi alikaa ua kwa ua na shangazi yako maisha yote. Huo uchawi alifundishwa na nani?" Ndivyo wanavyosema sasa kijiji kizima. Wewe ndiwe mwalimu, yeye mwanafunzi, na lile la kukunyooshea kidole lilikuwa ugomvi wa wachawi wenyewe kwa wenyewe. Zamani kulikuwa na watu wawili watatu waliokuwa wakiuliza habari zako. Siku hizi hawaulizi. Wameukata mti wako wa marula.

Tulitaka wamwogope Vho-Masindi. Tumewafundisha kumwogopa bundi.

Lakini kuna njia, na nimeshazungumza na Vho-Thinawanga. Nilimwambia kila kitu. Siku ya tatu akasema atasimama nami. Nitakwenda barazani mchana kweupe, watu wote wakiwepo, jumbe kwenye kiti chake, na nitapiga mluzi mbele yao. Waone ndege wanavyokuja. Waone bundi anavyokuja kwa yeyote mwenye midomo. Kisha nitasema ni mimi niliyekuwa kwenye matete. Labda watanipiga. Kazi huenda nikaikosa. Ndugu zake Hulisani watafanya watakavyo. Lakini hakuna atakayeweza kusema tena kwamba ndege alitumwa, si wako wala wa Vho-Masindi, na mtarudi nyumbani nyote wawili kabla ya mavuno. Jumbe ni mkali lakini si mjinga, macho yake atayaamini.

Tatizo ni moja. Msichana hafungui mdomo barazani kwa jambo la ukoo bila neno la makhadzi wake. Nikisema bila neno lako wataninyamazisha kabla sijaweka midomo. Niandikie mistari miwili tu, uweke dole gumba chini, nitaisoma mbele yao.

Nakuomba. Nikifumba macho naiona ile mikono yake.

Mtoto wako,
Rofhiwa


Tshitandani,
2 Desemba 2001

Kwako Rofhiwa, binti wa kaka yangu,

Salamu. Mimi ni mzima, na mguu haujaniuma tangu mvua zianze.

Nimeisoma barua yako, nikaificha, nikaitoa nikaisoma tena. Najua unasema kweli. Najua utaweza. Nakujua tangu utoto, ukishika jambo huliachi, umelitoa kwangu.

Sasa nisikilize. Masindi anaamka kabla yangu. Anateka maji kwa mkono ule mzima, anawasha moto, ananisogezea kiti. Hakuna aliyemwambia. Jioni anazungumzia kaburi la mjukuu wake, nani atalipalilia, na analia pole pole asinisumbue. Juzi alisema, "Nyadzani, nilikosea juu yako, sasa najua wanavyosingizia." Nilingoja maneno hayo miaka mitatu. Nilidhani nikiyasikia kitu kitafunguka humu kifuani. Hakikufunguka. Nilitaka ayaseme tena, na kesho yake ayaseme tena.

Ukipiga huo mluzi barazani, nami nitarudi, naye atarudi. Watamjengea nyumba upya, tena kwa aibu watamjengea kubwa. Watu watampa pole kuliko mimi kwa kuwa yeye aliungua. Atakaa ua kwa ua nami, atapata rafiki zake, benchi lake, na kaburi lake. Atasahau. Mimi nitakuwa mama mzee aliyerudishwa, nikimtazama anavyosahau.

Huku hatasahau. Nipo mbele yake asubuhi na jioni.

Usidhani sitaki nyumbani. Nikisikia harufu ya mvua kwenye vumbi natamani nitembee hadi Ha-Mulondo kwa mguu huuhuu. Nimepima yote mawili, mwanangu, nikaona lipi zito. Unaweza kuniona mbaya. Sina neno na hilo.

Kwa hiyo neno la makhadzi ni hili: nakukataza. Usisimame barazani, usiseme kwa jumbe, mwambie na mwalimu wako afunge mdomo. Ndugu zake Hulisani wakija, mtafute mwanamke yeyote wa ukoo awapokee, akae kwenye kile kiti. Namruhusu. Uolewe, uzae, usiningoje.

Nakwenda kula, Masindi ananiita. Leo amepata viwavi vya mti wa mopani, amevikaanga vizuri kama ninavyovipenda, na anasema tule pamoja kwenye sahani moja.

Shangazi yako,
Nyadzani